Tupeane uzoefu: mtoto wa kiume kavaa hivi, mtaa mzima unasema

Kaptura ya Bluu
Wakuu, habari za muda huu. Mpitishe mtoto wa kiume mtaani na shati la pinki, au kaptura fupi, au nywele zimesukwa, uone kama atafika dukani kabla hajasemwa. Konda anasema, mama wa genge anasema, shangazi wa upande wa baba anapiga simu kabisa. Anayesemwa si mtoto, ni mzazi wake. Sasa hapa nawataka wenye kazi zao: mafundi cherehani, manesi, walimu wa awali, wauza mitumba. Tuambizane lipi lina hoja na lipi ni kelele tu. Zile za "mimi nilivyolelewa" tuziweke akiba kwa leo.

Belo la Kwanza
Tuanze na pinki, maana ndiyo inayozua maneno kwenye meza ya mitumba kila siku. Belo la nguo za watoto mara nyingi halitenganishi wa kike na wa kiume, kwa hiyo anayechagua ni mzazi. Rangi iache kwanza. Tazama vifungo: shati la kiume vifungo viko mkono wa kulia wa mvaaji na upande wa kushoto ndio unaolala juu, la kike ni kinyume. Tazama mifuko: suruali ya kike mara nyingi mfuko wa mbele ni wa uongo, umeshonewa mstari tu. Halafu tazama pale miguu inapokutana. Ya kike imekatwa na nafasi ndogo mbele, na ndiyo maana mtoto wa kiume akivishwa anajivutavuta siku nzima, watu wakadhani hana adabu kumbe nguo inamkaba.

Lebo nazo zinawachanganya wengi. Namba za Ulaya ni urefu wa mtoto kwa sentimita: 98 ni takriban miaka 3, 104 miaka 4, 110 miaka 5, 116 miaka 6. Za Marekani zenye T, yaani 2T, 3T, 4T, zimeachiwa nafasi ya pampasi. 4 isiyo na T haina nafasi hiyo, hata kama urefu unakaribiana. Mpime mtoto ukutani kabla hujaenda sokoni Karume. Ukienda na umri tu kichwani utarudi na nguo ya mdogo wake.

Mzee wa Kanuni
Maelezo mengi ya nini? Pinki ni ya kike. Hoja imeisha.

Maktaba ya Mtaa
Mzee, shikamoo. Hiyo kanuni ni changa kuliko unavyodhani. Juni 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto Marekani, Earnshaw's Infants' Department, liliwaambia wauzaji kwamba pinki ni ya mvulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na bluu ni ya msichana kwa kuwa ni laini. Maduka mengine wakati huohuo yaliuza kinyume chake, kila mtu na lake. Na kabla ya hapo watoto wadogo wa huko, wa kike kwa wa kiume, walivaa gauni jeupe. Franklin Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais, ana picha ya 1884 akiwa na miaka miwili na nusu: gauni, kofia mkononi, nywele hadi mabegani. Gauni lilikuwa na kazi yake. Mtoto asiyejua choo unamfunua tu na kumbadilisha, na jeupe linachemshwa bila kuchuja rangi.

Mzee wa Kanuni
Marahaba. Ya Wamarekani tuwaachie Wamarekani.

Chai Rangi
Na hiyo bluu ya wavulana uliyoikumbatia mzee, imetoka Kilwa?

Kaptura ya Bluu
😂😂 Tuendelee jamani, mzee wetu tumuheshimu.

Nesi wa Zamu
Mnagombea rangi, na kinachowaleta watoto wa kiume hospitali ni zipu. Hakuna anayemsema mzazi kwa zipu. Wangemsema kwa hilo ningewaunga mkono.

Inavyotokea inafanana karibu kila mara. Mtoto ana miaka 3 hadi 6, kavaa jinzi nzito ya mtumba yenye zipu ya chuma, hana chupi kwa sababu "joto", na mara nyingi hajatahiriwa bado. Amekojoa, ana haraka ya kurudi mpirani, anapandisha zipu kwa mkono mmoja huku anatazama mlangoni. Ngozi ya mbele inaingia. Anapiga yowe, mtu mzima wa kwanza anafika, na jambo la kwanza analolifanya ni kuvuta kichwa cha zipu kirudi chini. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ngozi iliyokuwa imebanwa na meno mawili sasa inaingizwa ndani ya kichwa chenyewe. Baada ya muda mfupi imevimba, na ikivimba inajibana zaidi. Akija wa pili anavuta juu. Wa tatu analeta kisu.

Cha kufanya: usivute kokote. Mlaze mtoto chali, mtu anayemzoea amshike mikono na amsemeshe. Kata suruali kuizunguka zipu, uiache zipu na kipande kidogo cha kitambaa, ili uzito wa jinzi usiendelee kuvuta. Sasa tazama vizuri pamebana wapi, maana njia ni mbili.

Kama ngozi imeshikwa na meno tu na kichwa kimeshapita, kata utepe wa zipu kwa upana, chini ya pale paliponasa, pande zote mbili. Meno ya chini yakikosa kishikio yanaachana yenyewe kuelekea juu, polepole, bila kuvuta.

Kama ngozi imo ndani ya kichwa, paka mafuta ya maji ya watoto kwa wingi, yaingie ndani, subiri dakika 10 hadi 15. Kisha sogeza kidogo sana, mara moja. Ikigoma, acha, nenda hospitali. Kule kuna ganzi na kuna koleo la kukatia waya. Kichwa cha zipu ni sahani mbili, ya mbele na ya nyuma, zimeshikwa na kidaraja kimoja kidogo kule juu. Kidaraja kikikatwa sahani zinaachana na kila kitu kinafunguka. Kazi ni fupi, lakini mtoto akijirusha koleo likiwa pale utaumiza kuliko zipu ilivyoumiza, kwa hiyo si ya kufanyia sebuleni.

Ikishatoka, osha kwa maji safi, bana kwa kitambaa safi kama inavuja damu. Nenda hospitali kama damu haikomi baada ya dakika 10 za kubana, kama ngozi imechanika, kama uvimbe unaongezeka, au kama saa zinapita na mtoto hakojoi. Nenda na kadi ya kliniki waangalie chanjo ya pepopunda.

Kuzuia ni rahisi. Chupi kila siku. Lastiki badala ya zipu hadi afike miaka 5 au 6. Na ukimfundisha kufunga, mfundishe kwanza mkono wa kushoto uvute suruali mbele iachane na mwili, ndipo wa kulia upandishe.

Chai Rangi
Nimesoma nimebana miguu.

Dereva wa Usiku
Mimi pia. Mke wangu ananiuliza nina nini.

Mtaalamu Asiye na Cheti
Mafuta ya taa kidogo tu, zipu yoyote inaachia.

Nesi wa Zamu
Ndugu yangu, HAPANA. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na hapo tunazungumzia ngozi laini mno. Ukikosa mafuta ya watoto tumia ya kupikia yasiyotumika.

Mama Sabuni
Kipande cha sabuni kinatosha, watu mnapenda kukuza mambo.

Nesi wa Zamu
Sabuni kwenye mchubuko inawasha dada. Mtoto atajirusha, avute mwenyewe.

Fundi wa Kona
Zipu inasingiziwa, mwenye kosa ni aliyeiweka. Suruali ya mtoto lazima iwe na kipande cha kitambaa nyuma ya zipu, upana sm 3 au zaidi, kishuke hadi mwisho wa zipu na kishonewe chini kisihame. Hicho ndicho kinachotenganisha meno na mwili. Mafundi wengi wanakiruka kwa sababu kinakula muda na kitambaa, na mteja hachunguzi. Kabla hujalipa, fungua zipu uingize kidole kwa ndani. Ukigusa meno, rudisha.

Nami niseme la sare, maana wanafunzi wa darasa la kwanza wanachekwa: "kavaa kaptura ya babu yake." Hapo watu wana hoja, ila wanaitazama vibaya. Mzazi akinunua namba mbili juu ili idumu, tatizo si urefu. Ni sehemu ya katikati ya miguu kuning'inia, mtoto hawezi kupiga hatua wala kupanda ngazi ya daladala bila kujishika. Mtoto wa miaka 5 hadi 10 anaongezeka takriban sm 5 hadi 6 kwa mwaka, na nusu au zaidi kidogo ya hiyo ni miguu. Kwa hiyo pindo la sm 6 la ndani linakupa miaka miwili. Kiunoni mwambie fundi aache akiba ya sm 2 kila upande kwenye mshono wa nyuma. Mapaja yakae saizi yake ya leo pamoja na nafasi ya kukaa chini.

Siku ya kushusha pindo, tetroni inaacha mstari mweupe pale ilipokuwa imekunjwa. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha mstari, weka kitambaa cha pamba juu, pasi ya wastani. Pasi ya moto moja kwa moja itaacha mng'ao ambao hautoki tena.

Lastiki: pima kiuno, toa sm 4, tumia ya upana wa sm 2.5. Ukimvua jioni ukakuta mstari mwekundu usioondoka hadi muda wa kulala, imebana.

Belo la Kwanza
Hapo kwa kidole kwenye zipu fundi umeua. Kweli tupu.

Mwalimu wa Awali
Naongeza ya darasani. Jinzi zilizochanwa magotini, zile za mtindo: mtoto wa miaka mitatu akivaa, kidole gumba cha mguu kinaingia kwenye tundu anapovaa au anapotambaa chini ya meza, anakwenda na uso. Kama unaipenda, shonea kiraka kwa ndani, mchano ubaki wa macho tu.

Mkanda wa kweli wa buckle ni wa baba. Mtoto wa awali akisema "mwalimu, choo" ameshachelewa, hana muda wa kufungua mkanda, kifungo na zipu. Wanaojikojolea darasani wengi wanajua choo vizuri, nguo ndiyo haijui.

Sweta zenye kofia: chomoa kamba ya shingoni. Marekani walitoa mwongozo tangu 1996 kwamba kamba za shingoni ziondolewe kwenye nguo za watoto, na Ulaya haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka 7, kwa sababu zilinasa kwenye bembea na ngazi za kutelezea zikawanyonga watoto. Mitumba ya zamani bado inakuja nazo. Kata, vuta upande mmoja, dakika moja imekwisha.

Dereva wa Usiku
Na hawa wanaowavalisha watoto mlegezo? Mtoto wa miaka minne kata K, boksa inachungulia. Hapo mtaa ukisema unakosea?

Mwalimu wa Awali
Hapo mtaa useme tu. Anakimbia mkono mmoja umeshika suruali, akianguka ana mkono mmoja wa kujikinga.

Suti na Bitana
Mimi nashangaa kinachosifiwa. Harusi ya Februari Dar es Salaam, mchana nyuzi 32 na unyevu wake, mtoto wa miaka miwili kavishwa suti ya vipande vitatu na tai ya kipepeo. Ukumbi mzima: "jamani kapendeza!" Poliesta nje, bitana ya poliesta ndani, kizibao katikati, jasho halina pa kutokea. Kabla ya keki mtoto analia, wanasema ana njaa. Kesho yake vipele vya joto shingoni na kwapani.

Kama lazima iwe suti: kitambaa cha pamba au kitani kilichochanganywa, bitana iishie mabegani na kifuani tu, mgongo uachwe wazi, kizibao kiwe cha mbele peke yake na nyuma mikanda. Ndani shati la pamba la mikono mifupi. Mikono mirefu haionekani, itolewe kazi. Tai ya lastiki ivuliwe picha zikishapigwa, asilale nayo shingoni.

Kijana wa Makete
Nyie wa Dar mnadhani nchi nzima ni Kariakoo. Huku Julai alfajiri unakuta nyasi zina barafu nyembamba. Mtoto bila sweta na kofia ya sufu ndipo watu wanaposema, na wako sahihi.

Suti na Bitana
Nani kataja Makete? Nimesema Dar, Februari.

Kijana wa Makete
Umesema "mtoto". Mtoto wa Makete si mtoto?

Nesi wa Zamu
Wote tulieni. Kipimo ni kimoja Dar na Makete: weka mkono nyuma ya shingo ya mtoto au kifuani, ndani ya nguo. Pana jasho, punguza. Pamepoa, ongeza. Mikono na miguu haikuambii ukweli, kwa mtoto mchanga huwa ya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Bibi anashika miguu, anasema mtoto anaganda, anaongeza blanketi la tatu. Na kofia ndani ya nyumba wakati wa kulala ivuliwe, kichwani ndipo mtoto mchanga anapotolea joto jingi.

Chai Rangi
Nesi, njoo umwambie mama mkwe wangu hayo.

Nesi wa Zamu
Hiyo zamu siiwezi.

Askari Mstaafu
Kuna moja mnaliruka. Kombati za watoto. Suruali ya mabaka ya jeshi, koti, na kofia, vyote saizi ya miaka mitatu, vinakuja kwenye mitumba na watu wanapiga nazo picha za kuzaliwa. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba watu wazisalimishe, na tangazo halikuwatenga wauzaji. Mabaka yoyote yanayofanana na ya jeshi yanaingia. Ukiikuta kwenye belo, iache hukohuko.

Mtaalamu Asiye na Cheti
Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu atawekwa ndani? 😂

Askari Mstaafu
Mtoto hajui kununua. Atakayeulizwa ni aliyemnunulia. Cheka, lakini usimpeleke nayo stendi.

Mzee wa Kanuni
Na kusuka je? Mvulana kusuka hapana. Hapo hamna la kuniambia.

Chai Rangi
Morani anasuka nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu. Nenda kamwambie yeye mzee, sisi tunakusubiri hapa.

Mkono Mwepesi Saluni
Mtoto wa kiume akisukwa, suka nywele zake mwenyewe, bila rasta za kuongezea. Uzito wake unavuta nywele za mbele na za juu ya masikio, paji linarudi nyuma angali mdogo. Ukiona vijipele vidogo kwenye mizizi au mtoto hawezi kukunja nyusi, umekaza mno, fumua leo. Zisizidi wiki mbili. Na uliza shule kabla ya Januari, maana nyingi zinataka nywele fupi na utafumua getini.

Mwambao
Asalaam aleikum. Nitasema la kanzu, maana bara mtoto akiivaa siku isiyo Ijumaa anaulizwa kuna msiba gani. Kanzu ya mtoto kosa lake kubwa ni urefu. Watu wanashona ifunike kisigino "atakua nayo". Mtoto anakanyaga pindo ngazini, au inaingia kwenye cheni ya baiskeli na kwenye tairi la nyuma la bodaboda. Pima kutoka begani hadi juu ya fundo la mguu, kisha toa sm 3. Akiba ifiche kwenye pindo pana la ndani. Mipasuo miwili ya pembeni, sm 20 hivi, ndiyo inayompa hatua. Mtoto wa urefu wa sm 110, kitambaa cha upana wa 150, mita mbili zinatosha na kofia ya kushonea unapata. Akipanda bodaboda, ikunjwe ikaliwe.

Na wanja kwa mvulana mchanga, huo wa kumkinga na kijicho. Watu wanasema "kama msichana". Ubaya wake si huo. Wanja mwingine wa madukani una madini ya risasi (lead) ndani yake, na mtoto anafikicha jicho kisha anatia kidole mdomoni. Kamba na hirizi za shingoni nazo zisilale na mtoto, zinakaba.

Kaptura ya Bluu
Waaleikum salaam. Sheikh, tukiwa kwenye kanzu hapohapo: likizo ya Desemba wavulana wakitahiriwa wanavishwa magauni ya dada zao, mtaa unacheka hadi mtoto anakataa kutoka nje. Ni lazima?

Mwambao
Lazima ni nguo isiyogusa, si gauni. Kanzu pana ya pamba, mpasuo mrefu, iishie katikati ya muundi ili isiburure vumbi. Au shuka la kikoi, fundo liwe ubavuni, lisikae mbele.

Mtaalamu Asiye na Cheti
Hospitali wanasema avae chupi ya kubana. Mnatuchanganya.

Nesi wa Zamu
Yote mawili yapo, kwa wakati wake. Mvulana mkubwa, siku mbili za mwanzo bandeji ikiwepo, chupi inayoshika kiasi inaweka uume ukielekea juu na uvimbe unapungua. Bandeji ikitolewa, mpe nafasi, na hapo kanzu ya sheikh ni sahihi. Mdogo aliyetahiriwa kwa pete ya plastiki anavaa pana tangu mwanzo, pete inadondoka yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 5 hadi 10, msiivute. Jinzi na zipu zikae kabatini hadi kidonda kipone kabisa.

Fundi wa Kona
Na mkileta hizo kanzu za Desemba, leteni Novemba. Wiki ya Krismasi sipokei.